Shata za Mbao kwa Madirisha ya Magharibi: Shajara ya Mradi, Tanga

15 Februari

Nyumba ni ya mama, iko Sahare: sebule, vyumba vitatu, tofali za inchi 6, paa la bati. Madirisha yote ni ya aluminiamu ya kusukuma, grili nje ya kioo, wavu wa mbu kwenye reli yake. Kila dirisha lina pazia zito, na msimu wote huu wa kaskazi mapazia hayo yamefungwa tangu adhuhuri mpaka magharibi. Mama akifungua pazia jua linaingia hadi kwenye kochi. Akifunga, upepo wa bahari unaishia kwenye kitambaa, na feni inabaki kuzungusha joto lile lile.

Kaka yangu, aliyeko Uingereza, ametuma picha za kwake. Kila dirisha la mbele lina shata nyeupe za ndani zenye vibao vipana vinavyogeuzwa kwa kidole, zile ambazo Wamarekani wamezipa jina la mashamba yao makubwa ya kusini. Zinapendeza, sikatai. Anataka tuagize kama hizo kwa nyumba nzima na yuko tayari kuchangia nusu. Kazi ya kupima na kuamua amenitupia mimi, kwa kuwa ndiye niliye karibu.

Mama hajafurahi: “Mwanangu, mapazia yangu yana kosa gani? Mnataka kunigeuzia nyumba ofisi?”

22 Februari

Kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote nimezunguka nyumba na tepu na kalamu, dirisha kwa dirisha. Nilitaka kujua ni yapi yanayopigwa na jua kweli na ni yapi tunayafunga kwa mazoea tu.

Tanga iko kama nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Jua la mchana hapa halikai upande mmoja: kuanzia Oktoba mpaka mapema Machi linapita kusini kwetu kidogo, miezi mingine linapita kaskazini. Hata Juni, linapokuwa mbali kabisa upande wa kaskazini, saa sita ya mchana bado liko juu nyuzi 61 hivi. Upenu wa paa letu umetoka sentimita 60, na kwa jua la kimo hicho unatupa kivuli cha zaidi ya mita moja ukutani. Desemba, upande wa kusini, kivuli kinashuka mpaka karibu mita 1.8, yaani dirisha zima. Kwa hiyo madirisha ya kaskazini na kusini yanajilinda yenyewe wakati wa jua kali. Mapazia pale ni ya faragha ya usiku, basi.

Magharibi ndiko kwenye vita. Huku kwetu jua la jioni hushuka takriban nyuzi 15 kila saa. Saa mbili kabla halijazama liko nyuzi 30, na upenu ule ule wa sentimita 60 unatoa kivuli cha sentimita 35 tu, ambacho kinafika juu ya dirisha kidogo. Saa moja kabla ya magharibi kivuli kimebaki sentimita 16, na mwanga unaingia mlalo mpaka ukuta wa pili. Hakuna upenu utakaozuia hilo, labda ujenge baraza.

Madirisha ya magharibi ni mawili: la sebule na la chumba cha mama. Kuna la jikoni upande wa mashariki, lakini saa mbili asubuhi jikoni hakuna anayelalamikia jua.

Nimempigia kaka. Sitanunua shata za nyumba nzima. Ni madirisha mawili, na fedha iliyobaki tuitie kwenye mbao nzuri. Akasema, “Fanya unavyoona, ila yawe meupe.” Nimenyamaza.

1 Machi

Swali kubwa: ndani au nje ya kioo?

Shata za kaka zimewekwa ndani, na kwao ni sawa. Wanachotafuta ni faragha, mwanga wa kupunguza na kuongeza, na kuzuia baridi kidogo. Kioo kinabaki kimefungwa miezi mingi. Kwetu hesabu inageuka. Jua likishapita kwenye kioo limeshaingia nyumbani. Linapiga shata, shata inapata moto, na joto hilo linabaki upande wa ndani, kwa sababu kioo kinapitisha mwanga wa jua lakini hakipitishi joto linalotoka kwenye kitu kilichokwisha kupashwa. Utakuwa umezuia mng'ao, joto umelikaribisha. Ukitaka kulizuia, lizuie kabla halijagusa kioo.

Waliojenga mwambao walilijua hilo bila kuandika popote. Tazama ghorofa za zamani za Mji Mkongwe wa Unguja: vibao viko nje, na nyuma yake mara nyingi hapakuwa na kioo kabisa. Shata yenyewe ndiyo iliyokuwa dirisha, ikipitisha upepo, ikizuia jua, na mwenye nyumba akimwona mpita njia bila yeye kuonekana. Sisi tulipoleta aluminiamu tukahesabu tumeendelea, halafu tukanunua feni.

Uamuzi: nje. Aluminiamu inabaki, kwa ajili ya mvua za kusi na vumbi.

Vipimo vya dirisha la sebule: upana juu sentimita 151.2, katikati 150.4, chini 150.9. Pembe kwa pembe 213.6 na 212.4, kwa hiyo tundu limekaa upande kidogo, kama karibu kila tundu lililojengwa kwa macho. Fremu itakayoingia humo inafuata kipimo kidogo kuliko vyote, ipungue milimita 6, na nafasi itakayobaki tutaiziba kwa silikoni. Ukimpa fundi kipimo cha juu peke yake, atakuletea fremu inayogoma katikati.

Kutoka uso wa ukuta wa nje mpaka kwenye grili ni sentimita 5. Hiyo haitoshi. Ubawa, yaani upande mmoja wa shata, wenye unene wa sentimita 3.5 na vibao vya sentimita 7 unahitaji nafasi nyuma yake, maana kibao kikilala mlalo kinatokeza karibu sentimita 1.8 kila upande, na kijiti cha kuviendesha kinataka chake. Nimeona fremu itokeze nje ya ukuta sentimita 3. Tukipata jumla ya 8, vibao vitageuka bila kugonga chuma.

9 Machi

Ramadhani imeshaanza, mchana ni wa kazi nyepesi. Nimekata vibao vya boksi gumu, upana milimita 70, nikavipanga kwenye fremu ya mbao chakavu kwa nafasi ya milimita 60 kutoka katikati ya kimoja mpaka katikati ya kingine, vyote vimeinama nyuzi 45 kuelekea nje. Mpwa wangu ameshika tochi ya simu akawa ndiye jua, anashuka taratibu nami nasoma pembe. Kwenye karatasi nilipata kwamba mwanga wa moja kwa moja utazuiwa mpaka jua lifike nyuzi 12 juu ya upeo. Tochi imekubali: mstari wa kwanza wa mwanga umetokea ukutani pale pale, mwembamba kama uzi.

Nyuzi 12 ni dakika 50 hivi za mwisho kabla ya magharibi. Katika muda huo unahitaji kuinamisha vibao zaidi, au uvumilie. Nikiongeza nafasi iwe milimita 70, vibao vinapungua na gharama inashuka, lakini mwanga unaanza kupenya jua likiwa nyuzi 22 na mpaka vikifungwa kabisa vinaacha nyufa, maana havipandiani. Kwa nafasi ya 60 vinapandiana milimita 10. Nafasi inabaki 60.

Kule kwa kaka vipimo vya kawaida ni milimita 63, 76, 89 na 114, na mtindo wa sasa ni vibao vipana ili uone bustani vizuri. Mama hana haja ya kuona bustani ya jirani. Ana haja ya kumwona anayepiga hodi.

20 Machi

Mbao. Hapa ndipo ushauri wa watu unapokuwa mwingi kuliko mbao zenyewe.

Paina ni nafuu na inapatikana kila mahali, lakini isiyotiwa dawa ukiiweka nje mwambao unamlisha mchwa. MDF, ile mbao ya unga ulioshindiliwa, haifai hata kutajwa, inafura kwa unyevu. Plastiki ni jibu la haki kwa bafuni, siyo kwa ukuta unaochomwa kila jioni. Mvule ni imara sana, ila wakati mwingine una chokaa iliyoganda ndani kama jiwe, na ukikutana nayo meno ya msumeno yamekwenda. Vumbi lake nalo linawasha. Mninga ningeuchukua nimefumba macho: haupindi, haucheziwi na majira, randa inateleza. Ila ni mti wa misitu ya asili na bei yake imeshapanda mahali pa vitanda na milango ya mbele.

Tukabaki na mtiki. Longuza iko Muheza, jirani kabisa, na mti ni wa kupandwa, shamba la TFS, wakala wa misitu wa serikali. Mtiki una mafuta yake, unastahimili mvua na jua, mchwa haupendi. Tahadhari moja: sifa zote hizo ni za kiini, ile sehemu ya kahawia. Weupe wa pembeni hauna kinga, na mti uliovunwa bado kijana una weupe mwingi. Niligeuza ubao mmoja mmoja pale kwenye yadi, muuzaji akanikodolea macho kana kwamba nachagua kanga. Zenye weupe zaidi ya kidole nimeziacha. Nimechukua risiti na nakala ya hati ya kusafirishia.

24 Machi

Muuzaji alisema mbao ni kavu. Kila muuzaji husema mbao ni kavu.

Nimekata kipande katikati ya ubao, siyo mwishoni ambako hukauka kwanza, nikakipima kwenye mizani ya keki: gramu 184. Nikakiweka ndani ya oveni kwenye joto la nyuzi 103 hivi, nikawa nakitoa na kukipima mpaka uzito ulipoacha kushuka: gramu 151. Tofauti ni gramu 33, gawanya kwa 151, unapata unyevu wa asilimia 22 hivi. Jikoni kulinukia ngozi ya viatu vipya mpaka wakati wa futari, na mama akauliza kama nimeanza kuchoma samani.

Kwa hewa ya mwambao, mbao iliyotulia huwa na unyevu wa asilimia 14 mpaka 16. Kwa hiyo hizi bado zina safari. Mtiki ukitoka 22 kufika 15, kibao cha milimita 70 kinaweza kupungua karibu milimita 1 ya upana. Kwa kibao kimoja si kitu. Kwa tundu la pini, ulimi wa fremu na mbawa mbili zinazokutana katikati, ni tofauti ya kufunga na kukwama.

Na kinyume chake ndicho kinachonifanya nizidi kukataa kuagiza. Shata za Ulaya hutengenezwa kwa mbao zilizokaushwa kwa ajili ya nyumba zao, chini sana ya hizo asilimia 15. Zikifika Tanga zitakunywa hewa yetu na kufura.

Mbao zimepangwa kwenye kibanda cha nyuma, vijiti kati ya ubao na ubao, vichwa vimepakwa rangi visipasuke, bati juu, pembeni wazi.

Aprili na Mei

Masika. Hakuna la kuandika. Nimepima vipande mara chache, vinashuka kwa kunung'unika: 20, 19. Fundi amepiga simu kuniambia mbao zimekauka, ingawa hajaziona.

14 Juni

Kusi imeingia, hewa imekauka kiasi, na kipande cha leo kimetoa asilimia 16. Inatosha. Fundi ameanza.

Tumebishana kwanza. Yeye alitaka vibao vyote viwe vya kudumu, vimechongewa mfereji kwenye miimo na kupigwa gundi. “Dada, kitu kinachocheza ndicho kinachoharibika.” Ana haki. Lakini vibao vya kudumu vya nyuzi 45 vitafanya sebule iwe na giza saa nne asubuhi, wakati hakuna jua upande ule na mwanga tunautaka. Mimi nilitaka vyote vigeuke. Akaniambia nihesabu: ubawa mmoja una vibao 19, kila kibao pini mbili, dirisha zima pini 76, mradi mzima 152, na kila pini ni tundu ambalo chumvi itaingia.

Suluhisho limetoka kwake. Papi ya katikati, ubao wa mlalo, inagawa ubawa: chini vibao 10 vya kudumu, juu vibao 9 vya kugeuza. Chini ndiko macho ya barabarani yanakofika, na huko faragha inatakiwa saa zote. Juu ndiko mwanga unakoingia. Pini zimekuwa 72 badala ya 152. Nimeona mpango huo huo kwenye nyumba za zamani na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Julai

Fundi kazi anaijua. Miimo ina upana wa sentimita 6, papi ya juu 9, ya katikati 8, ya chini 11. Viungo vyote ni ulimi unaoingia tunduni na kufungwa kwa kijiti cha mbao, hakuna skrubu. Kabla ya gundi anapangusa ulimi kwa kitambaa chenye thina na kuunganisha papo hapo, maana mafuta ya mtiki huikataa gundi ukisubiri.

Vibao ndivyo vinavyokula muda. Kila kimoja kinapigwa randa mpaka milimita 10, kingo zinaviringishwa, kisha kinalala kwenye kiolezo cha ubao chenye kituo, keekee inatoboa kichwani, katikati kabisa. Nilimkuta anavichukua kimojakimoja, anakishika kwa pini zake mbili kati ya vidole na kukipuliza. Kinachosimama popote alipokiacha, kinapita. Kinachorudi upande mmoja, tundu limekosa katikati, anakitenga kitumike chini kwa vya kudumu. Pini ni za brasi, milimita 6.

Bawaba zimetoka Dar. Chuma cha kawaida hapa hakimalizi masika mawili bila kulia kutu, na hata chuma kisichoshika kutu kina daraja zake: 304 ikikaa karibu na bahari inaanza madoa, 316 ndiyo inayostahimili chumvi. Ubawa mmoja nimeukadiria kilo 13, kwa hiyo bawaba tatu kila ubawa.

Rangi imeleta mkutano wa ukoo kwenye simu. Kaka: nyeupe. Mama: kijani, kama nyumba ya babu yake Pangani. Fundi: vanishi, “ing'ae”. Vanishi ya wazi nimeikataa kabisa. Ukutani mwa magharibi jua litaibabua, itoke magamba, na kuisugua msasa kwenye vibao 76 sitaki kumwachia mtu kazi hiyo. Mtiki hauhitaji rangi ili uishi, ukiachwa unageuka kijivu na kudumu. Mama akasema kijivu ni rangi ya nyumba isiyo na mwenyewe. Tumekubaliana mafuta ya mtiki, yanayopakwa kwa kitambaa na kurudiwa mara moja kwa mwaka. Kaka ametuma kikatuni cha mtu analia.

2 Agosti

Dirisha la chumba cha mama limefungwa kwanza. Fremu ndogo ya mbao imeingia kwenye tundu na kushikwa ukutani kwa skrubu ndefu na plagi, chini yake tumekata mteremko na mfereji mwembamba ili maji ya mvua yadondoke mbali na ukuta. Mbawa zikaning'inizwa jioni. Zinakutana katikati kwa nafasi ya milimita 3. Fundi alipitisha kadi ya simu kati yake kuanzia juu hadi chini bila kugusa, akatabasamu, akaomba chai.

Namna ya kutumia: mama anasukuma kioo na wavu, anapitisha mkono kwenye grili, anavuta kijiti. Matundu ya grili yana sentimita 12, mkono unapita. Kasoro yake ni kwamba kila ukigusa kijiti unafungulia mbu, kwa hiyo vibao vipangwe kabla ya magharibi na viachwe. Mbawa zenyewe hazifunguki kutoka ndani, kwa sababu ya grili hiyo hiyo. Zinafunguliwa kwa nje wakati wa kusafisha na kushikwa na kulabu ukutani. Kwa nyumba ya ghorofa ningepanga vingine.

16 Agosti

Kwa vile sebule bado haijafungwa, nina vyumba viwili vya ukuta mmoja, kimoja kina shata na kingine hakina. Saa kumi na nusu jioni nimeweka kiganja kwenye kioo cha sebule: huwezi kukiacha hapo kwa raha. Kioo cha chumba cha mama ni cha uvuguvugu tu. Pazia la sebule limefungwa na limetulia wima. La chumbani limefunguliwa, na chandarua kinatikisika.

Mama amehamishia redio yake chumbani. Hajasema kitu kuhusu shata, na mimi sijauliza.

27 Septemba

La sebule limekamilika wiki hii. Kibao kimoja cha juu kilikuwa kizito kugeuka, fundi amekitoa, akapaka nta ya mshumaa kwenye pini, kimelegea.

Gharama: madirisha haya mawili yamekula zaidi ya ambayo mapazia mapya ya nyumba nzima yangekula, na sehemu kubwa ni ufundi, si mbao. Anayetaka shata kwa ajili ya sura tu, au dirisha lake linaangalia kaskazini na lina upenu wa kutosha, anunue pazia jepesi la pamba, akae. Nimelisema hilo leo kwa mama mwenyewe, maana sasa anataka na chumba cha wageni kiwekwe. Chumba cha wageni kiko kaskazini. “Wageni nao watu,” amenijibu.

Yaliyobaki: kulabu mbili za nje za dirisha la sebule, ambazo dukani walileta za chuma cha kawaida nikazirudisha, mafuta ya pili kwenye vibao vya chini, kwa kuwa ndivyo vinavyorukiwa na maji ya mvua, na brashi ya mpini mrefu ya kufutia vumbi, maana vibao 76 vina pande mbili kila kimoja na dada wa kazi ameshanitazama vibaya. Kaka anakuja Desemba. Nimemwambia mafuta ya mwaka wa kwanza atapaka yeye.